Pima shafti kabla ya kununua injini ya gokati

Mhariri,

Desemba ikikaribia, wenye gokati za mchangani, vile vigari vidogo vya kukodisha, kuanzia Shanzu hadi Kikambala, na kule ng'ambo kutoka Likoni hadi Diani, huanza kuhangaika na injini zilizochoka. Kamba inavutwa mpaka mkono unauma, moshi wa bluu unatanda, na mteja aliyekwisha lipa anasukuma kigari badala ya kukiendesha. Dawa inayokimbiliwa ni ile ile: nunua injini mpya, tena kubwa kuliko ya kwanza. Siku chache baadaye mpya nayo imelazwa karakanani ubavuni mwa kuukuu. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kinachoharibika, maana kosa lenyewe hufanyika dukani, kabla hata spana haijashikwa.

Watu wananunua nguvu za farasi. Gokati haijui farasi. Inajua unene wa shafti, yaani ule mhimili unaotokeza nje ya injini na kufungwa klachi, umbo la ncha yake, upande inaozungukia na matundu manne ya kitako. Hayo yakilingana, injini ndogo itafanya kazi miaka. Yasipolingana, hata ungeleta injini ya meli, haitafika popote.

Kwanza hakikisheni injini imekufa kweli. Inua ekseli ya nyuma kwa jeki, toa cheni, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa zito, breki zinashika au beringi za ekseli zimeliwa na chumvi, na injini inasingiziwa bure. Ekseli ikiwa nyepesi, fungua kifuniko cha vali injini ikiwa baridi, pistoni iwe juu kabisa na vali zote mbili zimefunga, upime nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kwa injini nyingi za Kichina za aina ya 168F, jina tutakalolieleza hapo mbele, na kwa Honda GX160 za zamani, vali ya kuingiza hewa hutaka 0.15 mm na ya moshi 0.20 mm, matoleo mapya ya Honda hutaka nafasi ndogo zaidi, kwa hivyo fuata kijitabu cha injini yako. Vali ikikosa nafasi haifungi sawasawa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: injini huwaka asubuhi, ikishapata moto ikizimwa haiwaki tena mpaka ipoe. Injini kadhaa nzima zimetupwa kwa ugonjwa huu ambao tiba yake ni bisibisi na spana ya 10.

Kama nafasi za vali ni sawa, toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda, rudisha plagi, vuta kamba polepole. Mkono ukihisi uzito umeongezeka kuliko ulivyokuwa, ringi au silinda imekwisha. Usipoongezeka, tazama vali au gasketi ya hedi. Msitegemee sana geji ya kompresheni. Kamu ya injini hizi, yaani mhimili unaofungua vali, ina kilegezi kinachofungua vali kidogo wakati wa kuvuta kamba ili mkono usivunjike, kwa hivyo geji husoma chini hata kwa injini iliyo nzima, na kuna watu hushtuka wakakimbilia dukani.

Silinda ya GX160 ni 68 mm ikiwa mpya. Ikishapanuka kupita 68.165 mm, kubadilisha ringi peke yake ni kumpaka maiti hina. Itabidi itobolewe upya iwekewe pistoni kubwa ya 0.25 au 0.50 mm, kazi ya fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma, mwenye mkono uliotulia. Kwa Honda halisi inafaa kufikiria. Kwa injini ya bei nafuu, gharama ya kutoboa, pistoni, ringi na gasketi hukaribia sana bei ya injini nzima mpya, na sisi tungeshauri ibadilishwe.

Lakini kabla ya kuibadilisha, ipasue ile iliyokufa. Kifuniko cha kando kina boliti chache tu, na ndani mna jibu litakalokuokolea pesa. Silinda yenye mikwaruzo ya wima na rangi ya kufifia, ringi zimebaki nyembamba kama wembe: hilo ni vumbi, limepita kwenye filta. Konrodi, ule mkono wa pistoni, imebadilika rangi au aluminiamu yake imegandamana kwenye kranki, mhimili ambao ncha yake ndiyo shafti: oili ilikuwa chache. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia, na huku kwetu aghalabu ni ya bahari. Tundu ubavuni mwa bloku ni konrodi iliyokatika, ama kwa kukosa oili ama kwa kuzungushwa kupita kiasi. Ukifunga injini mpya bila kujua kilichoiua ya kwanza, umeipeleka kwenye kaburi lile lile.

Vumbi ndilo linaloongoza. Wakati wa kaskazi njia za ndani za Kikambala na Mtwapa hukauka, gokati ya nyuma inameza vumbi la gokati ya mbele kutwa nzima. Filta ya karatasi pekee haitoshi. Nunueni ile ya tabaka mbili, sponji juu na karatasi ndani. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikaushwe kabisa, itiwe oili safi kidogo, ikamuliwe mpaka isidondoke. Karatasi haioshwi, hugongwagongwa taratibu, na ikibaki nyeusi hubadilishwa. Na mtazame mpira unaoziba kati ya boma la filta na kabureta, maana ukipasuka, filta inabaki pambo tu.

Sasa twende dukani. Injini nyingi ndogo zilizoko sokoni zimeiga mfululizo wa Honda GX ulioanza mwaka 1983. Maandishi yake yanasomeka: katika 168F, 1 ni idadi ya silinda, 68 ni upana wa silinda kwa milimita, na F ni kupozwa kwa hewa. Kwa hivyo 170F ina silinda ya 70 mm, na 188F ni ile kubwa ya 88 mm, ya 389 cc, ambayo huuzwa kama farasi 13. Za familia ya 168F na 170F, kuanzia 163 cc hadi 212 cc, hushiriki kitako cha umbo moja na ndizo zinazofaa gokati nyingi. Hata hivyo usiamini neno la mtu. Chukua kipande cha kadibodi, kiweke chini ya injini kuukuu, toboa matundu manne kwa kalamu, nenda nacho dukani ukipachike chini ya ile unayoitaka.

Kisha shafti, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji wa pampu ana injini safi ya farasi 6.5, bei nzuri, na anasema inafaa kila kitu. Inafaa pampu. Injini nyingi zilizotolewa kwenye pampu za maji zina shafti yenye nyuzi za skrubu, kwa ajili ya kukaza feni ya pampu. Zilizotolewa kwenye jenereta zina shafti iliyochongoka kama koni. Zote mbili hazipokei klachi ya gokati. Unayoitaka ni shafti iliyonyooka, yenye mfereji ubavuni wa kuwekea kii, kile kipande cha chuma kinachoifunga klachi izunguke pamoja na shafti, na tundu lenye nyuzi katikati ya ncha kwa ajili ya boliti ya kuzuia klachi isitoke. Injini za namna hii hupatikana zaidi kwenye mashine za kusaga, za kukoboa, na za ujenzi zinazotumia puli.

Hata iliyonyooka ina mtego wake. Kuna shafti ya robo tatu ya inchi, ambayo ni 19.05 mm, na kuna ya 20 mm kamili. Kwa jicho hazitofautiani. Klachi ya robo tatu haiingii kwenye shafti ya 20, na hapo utaona mtu ameshika tupa anaila shafti mpaka iingie. Shafti ikishapigwa tupa haibaki duara tena. Klachi inayumba, mtikisiko unaitafuna beringi ya upande huo na sili ya oili, na injini mpya inaanza kuvuja kabla ya wiki kuisha. Kinyume chake nacho ni kibaya: klachi ya 20 mm juu ya shafti ya 19 ina mchezo wa karibu milimita nzima, na kii itakatika. Bebeni venia, kile kipimo cha unene. Kii ya shafti ya inchi ina upana wa 4.76 mm, ya milimita ina 6 mm. Hata boliti ya nchani ni tofauti: ya inchi ni 5/16 yenye nyuzi 24 kwa inchi, ya milimita ni M8. M8 itashika mzunguko mmoja au miwili kwenye tundu la inchi, kisha itakwama. Ukiilazimisha kwa spana ndefu umeharibu nyuzi za kranki.

Kuhusu ile 188F. Ina shafti ya inchi nzima, 25.4 mm, kitako chake ni kipana zaidi, na uzito wake ni kilo 31 hivi, karibu maradufu ya GX160 yenye kilo 15. Fremu ya gokati iliyochomelewa kwa bomba jembamba haikutengenezwa kubeba uzito huo kwenye mashimo, na breki iliyokuwa ikisimamisha kigari cha farasi 5 haitasimamisha cha farasi 13. Anayetaka kuiweka abadilishe na breki, ekseli na cheni. Hapo amejenga kigari kingine.

Kuna wanaoshawishika na injini za bodaboda kwa kuwa vipuri vyake vimejaa kila kona ya Kisauni na Changamwe. Ni injini imara. Tatizo ni kwamba hupozwa na upepo unaoipiga ikiwa mbele ya pikipiki. Ukiifunga nyuma ya kiti, upepo haufiki, na kwenye mchanga mwendo wenyewe ni wa kobe huku injini inanguruma. Inachemka. GX na jamaa zake wana feni kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, hujipoza hata kigari kikiwa kimesimama. Juu ya hayo, injini ya bodaboda inataka mguu wa gia, mkono wa klachi na mfumo wake wa umeme, mambo ambayo mteja wa kukodi dakika kumi hayawezi. Ya tuktuk ina rivasi, lakini imeshikamana na difu yake, yaani gia za ekseli ya nyuma. Utalazimika kujenga upya nyuma yote. Kama bagi yenu, ile gokati kubwa ya mchangani, ilikuja na injini ya skuta, ile yenye maandishi 157QMJ ya 150 cc, rudishieni ya aina hiyo hiyo, na muulize mapema kama ina rivasi ndani, kwa sababu ya skuta ya kawaida haina.

Upande wa kuzunguka. Injini za aina ya GX, ukiitazama ncha ya shafti, huzunguka kinyume cha saa. Kwa hivyo shafti lazima ielekee kushoto kwa dereva ndipo cheni iisukume gokati mbele. Ukiigeuza ikaelekea kulia, kigari kitakwenda kinyumenyume, na si mzaha. Shafti ya katikati yenye cheni pande zote mbili haigeuzi upande huo.

Katika kuifunga, bati la kitako liwe na unene wa 5 hadi 6 mm, na badala ya matundu ya duara likatwe mifereji ya urefu wa 40 hadi 50 mm ili injini isogezwe kukaza cheni. Boliti nne za M8 za daraja 8.8, washa pana chini, nati zenye mpira ndani. Mtikisiko wa silinda moja hulegeza nati ya kawaida kwa siku moja. Mkaze, mwendeshe nusu saa, mkaze tena. Msichomelee chochote injini ikiwa juu ya fremu, kwani umeme wa kuchomelea unaweza kupita kwenye beringi na koili inayotoa moto wa plagi.

Klachi ya kawaida ya gokati ni ile inayojifunga yenyewe injini ikipanda, kwa kawaida kwenye mizunguko 1,800 hadi 2,000 kwa dakika. Sailensa ya injini, yaani mwendo wake wa kupumzika, ni kama 1,400. Mtu akiipandisha sailensa ili injini isizime, klachi inabaki imeshika nusu nusu, gokati inasukuma ikiwa kwenye breki, na baada ya saa chache klachi imegeuka bluu. Tone moja la oili kwenye bushi ya ndani ya klachi kila siku ya kazi linatosha. Likimwagika kwenye viatu vya klachi, vile vipande vinavyobana, itateleza.

Mchangani klachi hiyo ina shida ya asili. Mchanga laini unazuia tairi, injini haifikii mizunguko ya kushika sawasawa, klachi inateleza na kuungua. Njia ya kwanza ni kubadilisha uwiano wa meno. Chukua tairi la nyuma la inchi 16, ambalo mzunguko wake mmoja ni takriban 1.28 m. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, meno 10 mbele na 60 nyuma huzungusha ekseli mara 600 kwa dakika, karibu kilomita 46 kwa saa. Ukiweka 72 nyuma, inashuka hadi 38 hivi, lakini nguvu ya kusukuma inaongezeka kwa moja ya tano. Kwa mchanga wa Diani 72 ndiyo yetu, na hakuna mtoto anayehitaji kilomita 46 katikati ya minazi. Njia ya pili, bora na ghali zaidi, ni puli za mkanda zinazojibadilisha zenyewe, zile ziitwazo mfululizo wa 30. Huanza na uwiano wa karibu 2.7 kwa 1 na kuishia kwenye 0.9 kwa 1, kwa hivyo kigari kinang'oka mchangani bila klachi kuungua. Puli ya mbele hukaa kwenye shafti ya robo tatu, ya nyuma kwenye shafti ya inchi 5/8. Mkanda ufunikwe, ukilowa maji hauna mshiko.

Cheni nayo ina ulaghai wake. Sproketi, yaani magurudumu ya meno, nyingi za gokati ni za cheni 420 au 41, umbali wa pini hadi pini 12.7 mm. Cheni ya bodaboda ya 428 ina umbali huo huo, kwa hivyo inakaa kwenye meno na watu husema imeingia. Lakini ni pana zaidi na rola zake ni nene, inacheza kushoto na kulia, inapanda juu ya meno na kuruka. Nunua inayolingana na sproketi. Kisha panga sproketi mbili kwa rula ndefu ya chuma: ilale bapa kwenye nyuso zote mbili bila mwanya. Cheni iachwe na mchezo wa sentimita moja hivi katikati. Klipu ya kiungo, ule upande uliofungika uelekee inakokwenda cheni.

Na cheni ifunikwe, Mhariri, juu, chini na ubavuni. Hapa kwetu watu hupanda gokati na leso, buibui na kanzu, na nguo ikishikwa na cheni au ekseli haitoi nafasi ya kupiga kelele. Ekzosi nayo iwekewe wavu.

Waya ni jambo dogo linaloua koili. Injini hizi huzimika kwa kuunganisha waya wa koili na bodi ya injini. Ni hivyo tu. Waya huo upitishwe kwenye swichi iliyo karibu na mkono wa dereva, kisha uende kwenye fremu. Asiwepo wa kuuletea umeme wa betri wa volti 12, kama wanavyozoea wenye magari. Koili itakwenda papo hapo. Injini nyingi pia zina sensa ya oili, waya wake kwa kawaida ni wa njano, inayozima moto oili ikipungua. Kwenye matuta oili huruka na sensa hudanganyika, gokati ikazima katikati ya njia. Wengi huukata waya huo. Hatuwalaumu, lakini aliyeukata amejiapiza kupima oili kila asubuhi na kila mchana, maana konrodi hupata oili kwa kijiko chake kuichota na kuirusha, na injini ikiinama kupita digrii 20 kijiko hakifikii kitu.

Kebo ya pedali iunganishwe na mkono unaovuta springi ya gavana, isiunganishwe moja kwa moja na kipepeo cha kabureta. Tunamaanisha gavana wa injini, kidhibiti cha mwendo wake, si wa kaunti. Huyu wetu hachaguliwi kwa kura na asing'olewe kwa bisibisi. Yeye ndiye anayeizuia injini isipite 3,600. Vijana humtoa ili gokati ikimbie. Konrodi ya kiwandani ni ya aluminiamu na flaiwili ni ya chuma cha kuyeyushwa. Havikutengenezwa kwa mizunguko 6,000. Flaiwili ikipasuka, vipande hutoka vikielekea kiti, na kitini yumo mtoto wa watu. Kumweka sawa gavana ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati ya mkono wake, sukuma mkono mpaka kabureta ifunguke yote, zungusha kishafti chake upande ule ule mpaka kikome, kaza. Pedali iwe na springi mbili za kuirudisha, moja ikikatika nyingine ibaki.

Injini mpya huja bila oili. Tunalirudia hili kwa sababu linaua injini nyingi siku ya kwanza: huja kavu. Tia takriban lita 0.6 ya 10W-30 au SAE 30 injini ikiwa imelala sawa, mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kutilia oili. Kijiti cha kupimia kichovywe bila kukazwa. Ukizidisha nayo ni shida, oili itapanda kwenye bomba la kupumulia hadi kabureta na moshi utarudi. Plagi ya NGK BPR6ES au inayolingana nayo, mwanya 0.7 hadi 0.8 mm. Iwashe ikiwa haina mzigo, iache robo saa, sikiliza. Siku za kwanza usiipe mzigo wote. Vijitabu husema ubadilishe oili ya kwanza baada ya saa 20 na baadaye kila saa 100. Kwa injini za bei nafuu tungesema imwage baada ya saa 3 au 4 za mwanzo, uitazame juani kwenye karai jeupe. Utaona inameremeta vijichuma. Kwa gokati ya kukodisha kwenye vumbi, saa 100 ni nyingi mno. Saa 25 ni busara.

Likibaki neno, ni la chumvi. Gokati ikipita kwenye maji wakati wa bamvua au kwenye mchanga ulioachwa na maji kupwa, isilale nayo. Injini ipoe kwanza, ioshwe kwa maji baridi ya bomba bila presha, filta ikiwa imefunikwa, kisha iwashwe dakika tano ijikaushe. Cheni na kebo zitiwe oili jioni hiyo hiyo. Masika yakiingia na kazi ikasimama, fungeni petroli, mfungue boliti iliyo chini ya bakuli la kabureta na mlimwage lote. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huacha ute unaoziba jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, na mtu atakuja kusema injini imekufa.

Ile kuukuu msiipeleke kwa wauza vyuma yote. Kabureta, koili, boma la filta, tangi na kifaa cha kamba cha 168F huingia kwenye 168F nyingine, na hivyo ndivyo vinavyoharibika mapema. Ukiirudisha koili, mwanya wake na flaiwili ni 0.4 mm, kadi nyembamba ya biashara ikunjwe, ipite kati yake kwa shida kidogo.

Kwa wenzetu wauzaji wa injini hapa mjini tuna ombi moja. Juu ya boksi mmeandika farasi kwa maandishi makubwa mekundu. Ongezeni kwa kalamu, hata kwa mkono: shafti imenyooka, ina nyuzi au ni koni; na ni 19 au 20.

Mafundi wa injini ndogo,
Kisauni, Mombasa